Muda wa Matumizi: Tarehe, Joto na Vyakula Visivyopigwa Muhuri

Tarehe inayopigwa kwenye pakiti ya unga, kopo la samaki, chupa ya jiki au tyubu ya dawa ya meno husomwa na wanunuzi wengi kama mpaka mmoja, ambao kabla yake bidhaa ni salama na baada yake ni sumu. Lakini tarehe hiyo haikuwekwa kwa lengo moja kwa bidhaa zote, na katika bidhaa nyingi haizungumzii usalama hata kidogo. Ilivyo hasa, ni kauli ya mtengenezaji kwamba bidhaa itabaki na sifa zake mpaka siku hiyo, ikiwa haijafunguliwa na ikiwa imehifadhiwa kwa namna aliyoielekeza. Masharti hayo mawili ni nusu ya kauli yenyewe, na ndiyo nusu inayosahaulika zaidi katika nchi za joto, kwa sababu huandikwa kwa herufi ndogo pembeni, mahali ambapo macho ya mnunuzi hayafiki yakishaiona tarehe.

Namna tarehe inavyopatikana inaeleza mengi kuhusu uzito wake. Mtengenezaji huweka sampuli katika chumba chenye joto na unyevu uliodhibitiwa, kisha huzipima kila baada ya muda fulani: rangi, harufu, ladha, kiasi cha vitamini kilichobaki, idadi ya bakteria, na dalili za mafuta kuanza kuvunda. Siku ambayo sifa mojawapo inashuka chini ya kiwango alichojiwekea huhesabiwa kuwa mwisho, na tarehe inayochapwa hutangulizwa kidogo ili iwepo akiba ya tahadhari. Kwa bidhaa zinazodumu miaka miwili au zaidi, viwanda havisubiri muda wote huo, bali hupasha sampuli joto kubwa zaidi na kukadiria matokeo kwa kutumia kanuni ya wanakemia isemayo kwamba mabadiliko mengi ya kikemikali huenda kwa kasi ya takriban mara mbili kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi. Tarehe, kwa hiyo, ni makadirio ya kitaalamu yaliyofanywa kwa joto maalumu, na kanuni hiyohiyo inayomsaidia mtengenezaji kuikadiria ndiyo inayoibatilisha pale bidhaa inapokaa katika joto kubwa kuliko lile lililokusudiwa.

Kanuni za kimataifa zinatambua kwamba kuna tarehe za aina mbili. Codex Alimentarius, yaani mkusanyo wa viwango vya chakula unaosimamiwa kwa pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO), una kiwango cha lebo za vyakula vilivyofungashwa ambacho kilirekebishwa mwaka 2018 na kuzitenganisha waziwazi. Ya kwanza ni tarehe ya ubora, ambayo hadi siku hiyo chakula kinatarajiwa kuwa katika hali yake nzuri kabisa, na ambayo ikipita chakula kinaweza bado kufaa kuliwa. Ya pili ni tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo ikishapita chakula hakipaswi kuuzwa wala kuliwa, kwa sababu za usalama na ubora. Kiwango hicho kinaviondolea sharti la tarehe vyakula kadhaa ambavyo kwa maumbile yao havihatarishi afya kwa kukaa, vikiwemo siki, chumvi isiyotiwa iodini, sukari isiyoongezwa virutubisho na vinywaji vyenye kileo cha asilimia 10 au zaidi, pamoja na matunda na mboga mbichi zisizomenywa, ambazo mnunuzi anaweza kuzikagua mwenyewe. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2011 inasema kwamba chakula kilichopita tarehe ya aina ya pili huhesabiwa si salama, ilhali Marekani haina sheria ya shirikisho inayolazimisha tarehe kwenye vyakula isipokuwa maziwa ya kopo ya watoto wachanga, ambayo hutakiwa kuwa na kiasi kamili cha virutubisho kilichoandikwa kwenye lebo hadi siku ya mwisho. Tofauti hizo kati ya sheria na sheria zinaonyesha kwamba tarehe ni uamuzi wa watu, unaopima hatari, biashara na desturi kwa pamoja.

Katika rafu za Afrika Mashariki aina hizo mbili hukaa jirani bila kuelezwa. Herufi BB, zinazoashiria tarehe ya ubora, huonekana kwenye biskuti, tambi, juisi na majani ya chai. Herufi EXP, zinazoashiria mwisho wa matumizi, huonekana kwenye maziwa na soseji, lakini pia kwenye chumvi na kwenye sabuni. Mnunuzi huzisoma zote kwa neno moja, kwamba bidhaa imekwisha muda, na haki iko upande wake, kwa maana lebo haikumpa njia ya kutofautisha. Tambi zilizopitwa na wiki tatu na nyama iliyosindikwa iliyopitwa na siku tatu haziwezi kuhukumiwa kwa kipimo kimoja, na sababu yake iko katika viumbe wasioonekana kwa macho.

Bakteria na kuvu wanaokaa katika chakula wako wa makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza huharibu chakula: hukichachusha, hukitia utelezi, ukungu au harufu mbaya, na kwa kufanya hivyo humwonya mlaji kabla hajakitia mdomoni. Kundi la pili husababisha maradhi, na wengi wa kundi hili hawabadilishi harufu wala ladha. Hapo ndipo desturi ya kunusa na kuonja, ambayo kwa maziwa au mtindi hufaa sana, inapofikia kikomo chake, kwa kuwa pua hugundua uharibifu bila kuweza kugundua ugonjwa. Mfano mzito wa bara la Afrika ni bakteria aitwaye Listeria monocytogenes, ambaye ana uwezo usio wa kawaida wa kuendelea kuzaliana ndani ya jokofu, ambamo wengine wengi hulala. Mlipuko wake Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 uliwapata watu 1,060 waliothibitishwa na maabara, wakafa 216, kundi kubwa la wagonjwa likiwa la watoto wachanga walioambukizwa na mama zao wakati wa ujauzito. Chanzo kilikuwa nyama iliyosindikwa ambayo huliwa bila kupikwa tena. Kwa vyakula vya aina hiyo, pamoja na samaki waliokaushwa kwa moshi na kufungashwa, jibini laini na saladi zilizokatwa tayari, tarehe ya mwisho ina maana yake kamili, na mama mjamzito, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu hana sababu ya kujadiliana nayo.

Vyakula vikavu viko katika ulimwengu mwingine. Bakteria anahitaji maji ili aishi, na si maji yote yaliyomo katika chakula yanapatikana kwake, kwa sababu sehemu yake imeshikwa na sukari au chumvi. Wataalamu hupima maji yaliyo huru kwa mizani inayoanzia 0 hadi 1, ambapo maji matupu ni 1. Chini ya 0.85 karibu bakteria wote waletao maradhi hushindwa kukua, na chini ya 0.6 hakuna kijidudu chochote kinachoweza kuzaliana. Mchele, tambi, maharage makavu, sukari na biskuti, vikiwa vikavu kweli, viko chini ya mpaka huo au karibu nao, na kinachovipata baada ya tarehe ni kupoteza ladha, kuingiwa na wadudu, au, kwa vyakula vyenye mafuta kama karanga na unga wa dona, kuanza kutoa harufu ya mafuta yaliyoharibika. Asali hudumu kwa sababu hiyohiyo, ingawa inaweza kubeba spora za bakteria wa sumu ya botulini, yaani maumbo magumu ambamo bakteria hujifungia ili kuvumilia hali ngumu. Kwa hiyo mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa asali hata ikiwa imetoka kurinwa jana, na hilo hakuna tarehe inayoweza kulieleza.

Vyakula vya kopo navyo hudumu kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa kopo la chakula kisicho na asidi ya kutosha, kama samaki au maharage, hupashwa joto la nyuzi takriban 121 baada ya kufungwa, ili kuua hata zile spora. Likiwa zima na likihifadhiwa mahali pakavu, chakula chake hupungukiwa na ladha na ulaini kabla ya kupoteza usalama. Kopo lililovimba, linalovuja, lililobonyea penye mshono au lenye kutu ya kutoboa ni hatari hata kama tarehe yake iko mbali. Linatakiwa kutupwa bila kuonjwa, kwani kiasi kidogo sana cha sumu ya botulini hutosha kupooza misuli ya kupumua.

Joto ndilo jambo linalostahili kupewa uzito mkubwa kuliko yote, na ndilo ambalo mijadala ya tarehe huligusa kwa haraka. Maziwa yaliyopashwa joto kiwandani kwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 hubaki na baadhi ya vijidudu visivyodhuru lakini vyenye kuyachachusha, na tarehe yake imehesabiwa kwa jokofu lisilozidi nyuzi 4 au 5. Maziwa hayo yakisafirishwa mchana kwenye pikipiki, yakakaa dukani ambako umeme umekatika tangu asubuhi, kisha yakarudishwa baridi jioni, tarehe iliyochapwa juu yake haihusiani nayo tena. Maziwa yaliyopashwa joto la zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache na kufungwa katika pakiti isiyo na vijidudu hukaa miezi bila jokofu, lakini pakiti ikifunguliwa huwa sawa na maziwa mengine na hayana siku nyingi. Chakula cha kopo au cha pakiti kilichoachwa ndani ya kontena bandarini, au chini ya paa la bati katika Dar es Salaam, Mombasa au Kisumu, huzeeka kwa kasi isiyokuwemo katika hesabu za kiwanda kilichokadiria ghala la nyuzi 20 au 25. Mafuta ya kupikia yaliyopangwa juani nje ya duka, katika chupa angavu, huharibika kabla ya muda kwa sababu mwanga nao huyachokoza. Mnunuzi anayesoma tarehe kwa makini na asitazame mahali bidhaa ilipokuwa imekaa amesoma nusu ya lebo.

Kuna pia vyakula visivyo na muhuri wowote, na humo ndimo zilimo hatari kubwa zaidi za majikoni mwa eneo hili. Kiporo cha wali ni mfano wa karibu. Mchele mara nyingi hubeba spora za Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa kwenye sufuria usiku kucha katika joto la nyumba, spora huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu ya kutapisha ambayo haiharibiwi na moto wa kupasha. Ndiyo maana imani iliyoenea, kwamba kiporo kikipashwa vizuri hadi kitoe mvuke kimekuwa salama, inapaswa kusahihishwa bila kudharauliwa: kupasha kunaua bakteria walio hai, lakini hakuondoi sumu waliyokwisha kuiacha. Ushauri wa WHO ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, kwa kuwa vijidudu huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60. Kwa nyumba isiyo na jokofu, ushauri huo una maana ya kupika kiasi kinacholiwa, au kumwaga wali uliobaki kwenye sinia pana upoe upesi na kuumaliza siku hiyohiyo.

Mfano mzito zaidi ni mahindi na karanga. Kuvu wa aina ya Aspergillus, wanaoota katika nafaka iliyovunwa na kuhifadhiwa ikiwa na unyevu, hutoa sumukuvu, na iliyo mbaya zaidi kati ya sumu hizo, aflatoksini, huharibu ini na kusababisha saratani. Mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki ya Kenya yakiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyochafuliwa nayo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, waliugua watu 68 na kufa 20. Mahindi hayo hayakuwa na tarehe ya kupitwa nayo. Wala ugali wake haukuwa na ladha ya kumtahadharisha mlaji, na moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Kinga yake iko shambani na ghalani: kukausha punje hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5 au chini yake, kutotandaza mahindi kwenye udongo, kuchambua punje zilizovunjika na zenye ukungu, na kutumia mifuko isiyopitisha hewa. Jamii inayoogopa biskuti iliyopitwa na wiki moja na kununua karanga zilizosinyaa kwa kuwa ni rahisi imeuelekeza woga wake mahali pasipostahili, na jambo hilo halisababishwi na ujinga wa mtu mmojammoja, bali na mazoea ya kuamini kwamba hatari zote huchapwa kwa wino.

Kwa bidhaa za nyumbani zisizoliwa, suala ni nguvu ya kazi zaidi kuliko sumu. Jiki ni maji yenye hipokloriti ya sodiamu, kiambata cha klorini ambacho hata ndani ya chupa iliyofungwa huvunjika polepole na kugeuka kuwa chumvi na misombo mingine isiyoua vijidudu; joto na mwanga huharakisha jambo hilo, ndiyo sababu chupa zake si angavu. Jiki ya zamani haimdhuru anayefulia shuka, ila doa halitoki. Madhara yako kwingine. Wakati wa kipindupindu, familia hutibu maji ya kunywa kwa klorini ya chupa, na vituo vya afya huchanganya klorini ya asilimia 0.5 kwa kusafishia sakafu na vyombo, na ya asilimia 0.05 kwa kunawia mikono. Hesabu hizo huanza na nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, na chupa iliyokaa mwaka mzima kwenye stoo yenye joto haina tena nguvu hiyo. Anayetumia kipimo kilekile anaweza kunywa maji yenye harufu ya dawa na vijidudu vilivyo hai. Ni vigumu kutaja bidhaa ya dukani ambayo tarehe yake hupuuzwa zaidi huku ikistahili kusomwa kuliko hii. Klorini ya unga, yaani hipokloriti ya kalsiamu, hudumu zaidi ikiwekwa mahali pakavu, na kwa sababu hiyo hupendelewa katika akiba za dharura.

Vipodozi vina alama yake: kichoro cha kikopo kilichofunguliwa chenye maandishi kama 12M, maana yake miezi 12 tangu kufunguliwa, kwa kuwa vidole na hewa huingiza vijidudu ambavyo kihifadhi kilichomo hakiwezi kuvizuia milele. Wanja na rangi ya kope huhitaji kubadilishwa mapema zaidi, baada ya miezi mitatu hivi, kwa ajili ya macho. Hamira hujaribiwa katika maji ya vuguvugu yenye sukari, na baking poda katika maji ya moto. Zisipotoa povu, mkate hautaumuka, na hakuna hasara nyingine. Chandarua chenye dawa ya muda mrefu hukadiriwa kufanya kazi takriban miaka mitatu au mafuo 20.

Dawa za hospitali zinahitaji kauli ya pekee, kwa maana zimechunguzwa kuliko bidhaa nyingine yoyote. Tangu mwaka 1986 jeshi la Marekani, likishirikiana na mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, limekuwa likipima upya dawa za akiba zinazokaribia tarehe ya mwisho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kati ya matoleo 3,005 ya dawa 122, asilimia 88 yaliweza kuongezewa muda, kwa wastani wa miezi 66. Matokeo hayo hayapaswi kuhamishiwa kwenye kabati la nyumbani, kwa sababu dawa hizo zilikaa katika vifungashio vyake vya asili na katika maghala yenye joto na unyevu uliodhibitiwa, ilhali dawa mseto ya malaria, ambayo kwa kawaida huagizwa isikae katika joto linalozidi nyuzi 30, mara nyingi huwekwa juu ya kabati linalogusa dari ya bati. Insulini hupoteza nguvu, dawa ya maji ya kuua bakteria ikishachanganywa hudumu wiki moja au mbili tu, na tetrasiklini iliyoharibika ilihusishwa na maradhi ya figo katika taarifa za kitabibu za mwaka 1963. Dawa iliyopungua nguvu inaweza kumwacha mgonjwa wa malaria au nimonia bila tiba huku akiamini ametibiwa.

Gharama ya kuchanganya tarehe za aina mbili inaonekana katika majalala. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Nairobi, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika nyumba, migahawa na maduka, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Si chakula chote hicho kilichotupwa kwa sababu ya tarehe. Tume ya Ulaya ilikadiria kwamba, kwa nchi zake, hadi asilimia 10 ya chakula kinachopotea kinahusiana na tarehe za lebo. Ufaransa kwa sheria ya mwaka 2016 ilikataza maduka makubwa kuharibu chakula kinachoweza kuliwa, ikayataka yafunge mikataba na mashirika ya kukigawa. Nchini Uingereza baadhi ya maduka yameondoa tarehe ya ubora kwenye mboga na matunda.

Afrika Mashariki ina tatizo ambalo nchi hizo hazina kwa kiwango kile, nalo linazuia kuiga hatua zao moja kwa moja. Wapo wafanyabiashara wanaofuta tarehe kwa kemikali na kuchapa nyingine, au kuhamishia bidhaa kuukuu katika mifuko mipya, na wakaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi, kama wenzao wa Shirika la Viwango Kenya (KEBS), hukamata na kuteketeza bidhaa kama hizo. Huo ni udanganyifu hata pale bidhaa inapokuwa bado haijadhuru mtu, kwa sababu unamnyang'anya mnunuzi kauli pekee aliyo nayo juu ya kitu kilichofungwa asichoweza kukinusa. Wino uliopakaa, tarehe iliyobandikwa juu ya nyingine, au katoni na pakiti zenye tarehe zisizolingana ni sababu ya kutosha ya kuiacha bidhaa na kutoa taarifa. Kinachokosekana ni lebo zinazosema kwa Kiswahili kama tarehe ni ya ubora au ya mwisho wa matumizi, na zinazoandika sharti la joto kando yake kwa herufi za ukubwa uleule, pamoja na ukaguzi unaoingia na kipimajoto katika ghala, lori na jokofu la duka, mahali ambapo muda wa matumizi hufupishwa bila mtu kugusa muhuri.